Mlinzi wa Mali za Wazee Analipwa na Nani?

(Haya ni maneno ya katibu mwenezi wetu mmoja, aliyoyasema jioni ya Jumamosi mbele ya wanachama na walimu vijana katika mkutano wa tawi. Tumeyapiga chapa kwa kuwa wengi waliokosa mkutano wameyaomba.)



Nimeombwa niseme juu ya ulinzi wa mali za kale, yaani makaburi, mapango, miti ya matambiko na vitu vya wazee waliotutangulia. Nimechagua kuwapeleka mbali, katika nchi ya Australia. Najua wako wanaonong'ona: huyu kijana kakosa la kusema mpaka avuke bahari? La, sikukosa. Nimekwenda huko kwa kuwa huko jambo hili limepita katika kila hatua, tangu watu wasiojua lolote kupewa kazi ya ulinzi, mpaka wenyeji wenyewe kukalia viti vikubwa, na bado mambo yakaharibika. Basi aliye mbali aweza kuliona lote kwa mara moja, kama mtu aliyesimama mlimani.

Na niseme wazi kilichonisukuma. Wengi wetu tunaamini kwamba tabu yote ya mambo haya yaisha siku mwenzetu anapokaa kitini. Mtoe mgeni, mweke mwenyeji, kwisha. Mimi nilikuwa nikiamini hivyo kama mnavyoamini ninyi. Leo siamini tena, nami nitawaambia kwa nini.

Tarehe 24 Mei 2020, katika jimbo la Australia Magharibi, sehemu iitwayo Pilbara, kampuni ya madini ya Rio Tinto ililipua kwa baruti mapango mawili katika korongo la Juukan. Nchi ile ni ya watu waitwao Puutu Kunti Kurrama na Pinikura, nao ni katika wenyeji wa asili wa Australia, ambao dunia huwaita Waaborijini. Katika pango moja watu walikuwa wamekaa tangu miaka 46,000 iliyopita. Fikirini hesabu hiyo. Piramidi za Misri hazina hata miaka 5,000. Wataalamu walipochimba mwaka 2014 waliona vitu zaidi ya 7,000. Kimoja kilikuwa ni kipande cha ukanda wa nywele za watu zilizosukwa, chenye umri wa miaka ipatayo 4,000, na nywele zile zilipopimwa zikaonyesha kwamba waliosukwa ni wa ukoo mmoja na watu walio hai leo palepale. Wazee wale hawakuambiwa na kitabu kwamba pango ni lao. Nywele zenyewe zilisema.

Kampuni ilikuwa ikitafuta nini? Madini ya chuma, tani kama milioni 8. Tena uchunguzi wa Bunge la Australia ulionyesha kwamba kampuni ilikuwa na njia nne za kuchimba, na tatu kati ya hizo zisingegusa mapango. Ilichaguliwa ya nne. Wenye nchi wakasema hawakuambiwa kamwe kwamba zilikuwapo njia nyingine.

Sasa msidhani kwamba kampuni ilikuja usiku kama mwizi. Ilikuwa na barua. Mwaka 2013 Waziri wa jimbo aliyehusika na mambo ya Waaborijini alikuwa ameitia sahihi ruhusa chini ya kifungu cha 18 cha Sheria ya Urithi wa Waaborijini ya mwaka 1972. Vitu vile vya ajabu vikaonekana mwaka uliofuata, baada ya sahihi. Lakini sheria haikuwa na mlango wa kurudi. Mwenye mgodi akikataliwa alikuwa na haki ya kukata rufaa. Mwenye pango hakuwa na haki hiyo. Na katika maombi zaidi ya 400 ya wenye migodi yaliyopelekwa tangu mwaka 2010, yaliyokataliwa karibu hayakuwapo.

Ndipo tuulize: hao waliokuwa wakimshauri Waziri walikuwa akina nani, na walijua nini?

Lakini ngojeni kwanza, turudi nyuma kidogo, maana mti huu una mizizi. Mwaka 1905 jimbo hilo lilitunga sheria iliyomweka ofisa aitwaye Mlinzi Mkuu wa Waaborijini. Sheria ikamfanya kuwa mlezi wa kila mtoto wa Kiaborijini aliye chini ya miaka 16, hata kama mama na baba wa mtoto wapo wazima. Aliyekaa sana katika kazi za ofisi hiyo ni A. O. Neville, tangu mwaka 1915 hadi alipostaafu mwaka 1940. Alikuwa na sifa gani ya kuwalea watu hao? Alikuwa karani hodari wa serikali, aliyewahi kushughulika na mambo ya wahamiaji. Basi. Na huko mashambani, walinzi wadogo walikuwa mara nyingi ni polisi. Polisi yule yule amkamate mtu leo, kesho ndiye mlinzi wake! Wazee wetu wana neno lao: kesi ya nyani hakimu ngedere.

Turudi kwenye sheria ya mwaka 1972. Ilipotungwa watu waliishangilia, na kwa wakati wake ilistahili. Kazi ya ulinzi walipewa wadhamini wa Jumba la Makumbusho la jimbo, na ikaundwa kamati ya kuwashauri. Lakini someni namna wajumbe walivyochaguliwa. Sheria ilisema watakuwa watu wenye ujuzi maalumu, au uzoefu, au madaraka, ambayo kwa maoni ya Waziri yataisaidia kamati, wawe wa asili ya Kiaborijini au wasiwe. Kwa maoni ya Waziri! Yaani elimu ya mjumbe hupimwa na mtu yule ambaye mjumbe anatakiwa amshauri. Sisi walimu tungeona ajabu mwanafunzi akipewa achague mwenyewe atakayemsahihishia mtihani.

Matokeo yake yalionekana upesi. Mwaka 1980 kampuni ya mafuta ilitaka kuchimba katika shamba la Noonkanbah, mahali ambapo watu wa Yungngora walikuwa wakiishi na kufuga. Wazee walisema pale pana mahali patakatifu. Wataalamu wa Makumbusho wakaenda, wakatazama, wakaandika kwamba wazee wanasema kweli. Wadhamini wakakataa kutoa ruhusa. Mnaona hapo? Mfumo ulifanya kazi: watu wenye elimu, wasiokuwa Waaborijini, walisema kweli yenye kuwaudhi wakubwa. Basi serikali ya jimbo ilifanya nini? Waziri aliwaamuru wadhamini waruhusu. Malori zaidi ya 40 yakapelekwa kwa ulinzi wa polisi, watu wakapita wamelala barabarani kuyazuia, wengine wakakamatwa. Kisha sheria ikarekebishwa mwaka huohuo, na uamuzi ukatolewa mikononi mwa wadhamini ukatiwa mkononi mwa Waziri. Walichimba. Mafuta hayakupatikana.

Nataka mlishike hilo la Noonkanbah, maana mara nyingi twasikia watu wakisema, "tatizo ni elimu, wekeni wasomi." Pale wasomi walikuwapo, nao wakasema vizuri. Kilichokosekana ni nguvu ya neno lao.

Na wako wasomi wa namna nyingine, wanaojua kulipinda neno. Katika bandari ya Port Hedland wazee wa Kikariyarra walikuwa na mahali pao patakatifu majini. Idara ikatoa mwongozo kwamba mahali hapahesabiwi kuwa patakatifu mpaka pawe pamewekwa kwa ibada. Kuwa na hadithi ya mababu tu hakutoshi. Kwa mwongozo huo kamati ikaamua kwamba pale si mahali patakatifu kwa maana ya sheria, na maeneo mengine zaidi ya 20 yakapoteza hadhi yao vivyo hivyo. Wazee wakaenda Mahakama Kuu ya jimbo. Mwaka 2015 Jaji Chaney akatengua uamuzi ule, akasema kamati ilijiuliza swali lisilo lake. Ndugu zangu, hebu nambieni, ofisa aliyesoma kiasi gani ndiye anayeweza kumwambia mzee wa miaka 70 kwamba mahali alipofundishwa na babu yake kupanyamazia si patakatifu, kwa kuwa hakuna mtu anayepiga magoti pale?

Sasa nafika mahali pagumu, nanyi mnivumilie.

Siku ile ya Mei 2020, Waziri wa mambo ya Waaborijini wa jimbo la Australia Magharibi alikuwa Ben Wyatt, Mwaborijini. Ndiye Mwaborijini wa kwanza kuwa Waziri wa Fedha katika serikali yoyote ya nchi ile. Na katika serikali kuu ya Australia, Waziri wa mambo ya wenyeji wa asili alikuwa Ken Wyatt, Mwaborijini pia, tena wa kwanza kushika wizara hiyo. Viti vyote viwili vilikuwa na wenyewe. Na mapango yakalipuka.

Je, walisaliti? Mimi sisemi hivyo, na haki yataka nieleze. Ruhusa ilitiwa sahihi mwaka 2013 na Waziri mwingine, wa chama kingine, asiye Mwaborijini. Na katika serikali kuu, sheria ya mwaka 1984 ya kulinda urithi wa wenyeji haikuwa mkononi mwa Waziri wa wenyeji. Ilikuwa mkononi mwa Waziri wa mazingira. Wanasheria wa wenye nchi walipopiga simu siku za mwisho kutafuta msaada, waliambiwa wajaribu ofisi ile nyingine. Mnaona mchezo huo? Mwenyeji amepewa kiti, gari na mwandishi, lakini ufunguo umebaki mfukoni mwa mwingine.

Lakini yapo yaliyofuata, nayo ndiyo yaliyonikosesha usingizi. Ben Wyatt, alipokuwa Waziri, ndiye aliyesimamia kuandikwa kwa mswada wa sheria mpya ya urithi, sheria ambayo ingewahusu wenye migodi kuliko watu wote. Mwaka 2021 aliacha siasa. Mwezi wa Juni mwaka huohuo kampuni ya Rio Tinto ikatangaza kwamba atakuwa mmoja wa wakurugenzi wake.

Hakuna mahakama iliyosema amevunja sheria, nami simtuhumu. Wako waliosema ni vema Mwaborijini aingie katika baraza la kampuni ile, maana wakati wa baruti baraza hilo halikuwa na hata mmoja. Neno hilo lina uzito wake. Mtu akijua sheria na akijua watu wake, kwa nini asiwe pale mezani? Lakini na mzee aliyebaki kule Pilbara ana haki ya kuuliza: mswada ulipokuwa ukiandikwa, nilikuwa nikiandikiwa na nani? Si lazima mtu awe mwovu ili swali hilo liwe halali. Ubaya ni kwamba swali limeweza kuulizwa, na hakuna wa kulijibu isipokuwa moyo wa mtu mmoja.

Niwape kisa changu mwenyewe, maana si vizuri kusema ya Waaustralia tu. Nilipokuwa katika chuo cha ualimu, wanafunzi walinichagua niingie katika kamati ya chakula. Kazi yetu ilikuwa kuonja na kukagua vyakula vilivyoletwa na wauzaji. Muhula mmoja maharage yalikuja na wadudu. Si wengi, lakini wapo. Na muuzaji wa maharage yale ndiye aliyenikopesha nauli nilipokwenda nyumbani kumzika baba mdogo. Hakuniomba neno lolote. Hakuniangalia hata usoni. Mimi nikaonja, nikasema, "Yanafaa." Sikuhongwa hata senti. Nilikuwa nimechaguliwa na wenzangu, mmoja wao, nilikula sahani moja nao. Nao walikula wadudu wiki tatu, nami nikala pamoja nao, na kila mara nilipotia kijiko mdomoni nilikumbuka ile nauli. Tangu siku ile sipendi kusikia mtu akisema, "mimi ni mwaminifu, maslahi yangu hayanizuii." Nami nilikuwa mwaminifu.

Sasa twendeni jimbo la Victoria, ambako wamejaribu njia nyingine. Sheria yao ni ya mwaka 2006. Huko lipo Baraza la Urithi wa Waaborijini lenye nafasi 11, na wajumbe wote sharti wawe wenyeji wenye nchi, wenye ujuzi wa urithi wa jimbo. Hakuna kificho wala maneno ya "wawe au wasiwe." Baraza hilo ndilo linaloziandikisha jumuiya za wenyeji, kila moja kwa eneo lake, na jumuiya hizo ndizo zinazokubali au kukataa mipango ya kulinda urithi kabla ya ujenzi mkubwa. Hapo, ndugu zangu, wenyeji wana neno lenye nguvu. Mimi naona ni mbali sana kuliko ilivyokuwa Australia Magharibi, na kama mngeniuliza nichague, ningechagua huko bila kufikiri mara mbili.

Lakini tazameni tena kwa jicho la kamati ya chakula. Mpango wa ulinzi huandikwa na mshauri. Sheria yataka awe amesoma akiolojia, yaani elimu ya uchimbuaji, au elimu ya mila za watu, au historia, au kama hana shahada, awe na ujuzi mkubwa wa kazi. Maneno mazuri hayo, maana yanamkubali mzee asiye na cheti. Lakini anayemwajiri mshauri huyo ni nani? Ni yule yule anayetaka kujenga. Mshauri akiandika sana mambo ya kuzuia, mteja wa pili atakwenda kwa mshauri mwingine. Tena jumuiya ya wenyeji inapoukagua mpango hulipwa ada na mjenzi huyo huyo. Najua wanavyojibu, na jibu lao ni la haki: anayeleta uharibifu ndiye alipe gharama, kwa nini maskini afanye kazi bure? Kweli kabisa. Isipokuwa mfuko wa jumuiya unapojazwa na ada za ujenzi, siku moja kutakuwa na ujenzi mmoja usiofaa kabisa, na mweka hazina atakohoa kidogo kabla ya wazee kusema la.

Na Baraza nalo lina mtihani wake. Ndilo linaloamua mpaka kati ya jumuiya na jumuiya. Mwaka 2021 liliamua mpaka kati ya Wabunurong na Wawurundjeri katika mji wa Melbourne wenyewe, ambako kila mtaa unajengwa. Wajumbe wa Baraza la namna hii hawawezi kutoka hewani; wanatoka katika jamii hizo hizo za wenye nchi. Huwezi kumpata mtu ajuaye nchi vizuri asiye na ndugu katika nchi. Ndiyo maana mjumbe anatakiwa autaje uhusiano wake shauri linapomgusa. Mgeni hana ndugu pale, ni kweli, lakini mgeni hajui kitu. Mtaona kwamba ujuzi na maslahi, katika mambo ya mababu, hukaa nyumba moja na hulala kitanda kimoja. Anayetaka kuvitenganisha kabisa atabaki na mtu asiyejua.

Hili la nani anajua lilileta fitina kubwa sana katika jimbo la Australia Kusini, nami nitalisema kwa ufupi ingawa lastahili mkutano wake peke yake. Kilikuwako kisiwa, Wangarrindjeri hukiita Kumarangk, Wazungu hukiita Hindmarsh. Watu walitaka kujenga daraja. Wanawake wa Kingarrindjeri wakasema lisijengwe, kwa sababu ya siri za wanawake zinazohusu mahali pale, siri ambazo mwanamume haruhusiwi kuzisikia. Siri zikaandikwa, zikatiwa katika bahasha za wanawake tu. Mwaka 1994 Waziri wa serikali kuu, Robert Tickner, akapiga marufuku daraja kwa miaka 25. Yeye mwanamume, akaheshimu, hakuzisoma bahasha. Mwaka 1995 mahakama ikatengua amri yake. Sababu mojawapo ni kwamba Waziri hakuzisoma! Sheria yamtaka asome, mila yamkataza. Akisoma amevunja heshima, asiposoma amevunja sheria. Akina mama mliopo hapa mnaelewa vizuri kuliko mimi: kuna mambo ya unyago ambayo hata mwenyekiti wetu hawezi kuitisha ripoti yake.

Kisha ikaundwa tume ya jimbo, ikasema siri zile zilitungwa tu. Serikali kuu ikamtafuta jaji mwanamke, Jane Mathews, awasikilize wanawake. Mwaka 1996 mahakama ya juu kabisa ya Australia ikasema haifai, si kwa kuwa hana elimu, bali kwa kuwa jaji hawezi kumfanyia Waziri kazi ya kumwandikia ripoti na bado watu wamwone kuwa jaji huru. Nawaomba mlitazame hilo. Jaji mheshimiwa, hakuna aliyemtilia shaka, wakasema la. Lakini mshauri anayelipwa na mwenye tingatinga, huyo hakuna aliyemkataza. Mwaka 2001 daraja likafunguliwa, na mwaka huohuo jaji mwingine, von Doussa, baada ya kusikia ushahidi mwingi, akasema hakuridhika kwamba wanawake wale walitunga. Daraja lipo mpaka leo.

Basi baada ya Juukan kulitokea nini? Mkurugenzi mkuu wa kampuni na wakubwa wawili wengine waliondoka. Bunge likaandika taarifa mbili, mwaka 2020 na 2021. Jimbo la Australia Magharibi likatunga sheria mpya mwaka 2021, ikaanza kazi tarehe 1 Julai 2023. Wakulima na wenye mashamba wakapiga kelele kwamba ni ngumu mno, hata kuchimba shimo la nguzo wataomba ruhusa. Tarehe 8 Agosti 2023, wiki tano tu, serikali ikatangaza kwamba itaifuta. Sheria ya mwaka 1972 ikarudishwa, na marekebisho kadhaa.

Nisiwe mchoyo wa sifa: marekebisho yale yapo. Sasa wenye nchi nao wana haki ya kutaka uamuzi wa Waziri uangaliwe upya na baraza la rufaa, kama wenye migodi. Ikionekana habari mpya baada ya ruhusa, sharti Waziri aarifiwe. Kama hilo la mwisho lingekuwapo mwaka 2014, ule ukanda wa nywele ungeweza kusema neno lake kabla ya baruti. Kamati mpya ina wenyeviti wawili, mwanamume na mwanamke, wote Waaborijini. Lakini kamati bado inashauri tu. Kalamu ya mwisho ingali ya Waziri.

Ndiyo sababu nimesema siamini tena kwamba kiti peke yake chatosha. Mtu akija hapa akituambia, "tumemweka mwenzenu alinde mali za wazee wenu," mimi nitafurahi, nitampigia makofi, halafu nitamwuliza maswali yangu. Anaweza kusema la, na la yake ikasimama? Mshahara wake unatoka mfuko gani? Nani aliyemteua, na anaweza kumfukuza kesho? Akiondoka, sheria inamkataza kwenda kwa yule aliyekuwa akimsimamia, kwa muda gani? Mkewe, mumewe au nduguye ana fungu katika kampuni? Kama analo, ameliandika mahali ambapo mimi naweza kusoma, au limeandikwa katika kabati lililofungwa? Na wale wazee wasiojua kusoma, wanaoujua mlima ule kwa miguu yao, wamekaa mezani au wameketi nje katika benchi wakingoja kuitwa?

Kijana mmoja kaniambia hapo mlangoni kwamba maswali ya namna hiyo ni ya kumvunjia heshima mwenzetu. Mimi naona kinyume. Muuzaji yule wa maharage, kama kungekuwa na kanuni ya kunitaka niseme mbele ya wanafunzi, "huyu alinikopesha nauli, mwingine aonje badala yangu," ningeona aibu ya dakika moja tu, nami ningeshukuru mpaka leo.

Bwana Mwenyekiti, nimemaliza. Naona mzee mmoja pale nyuma kanyosha mkono tangu nilipomtaja Waziri aliyekwenda kampuni. Naomba apewe nafasi ya kwanza.